Baraza la darasa: namna ya kulianzisha na kuliendesha

Kila Januari, walimu wageni wakishapangiwa shule huku visiwani Lamu, maswali huwa ni yale yale matatu. La kwanza: "Watoto hawasemi. Nikiwauliza wananitazama tu." La pili: "Nikiwaachia waseme, darasa linageuka soko la samaki. Nafanyaje?" La tatu huulizwa kwa sauti ya chini, mara nyingi tukiwa gatini tunangoja boti: "Na wazazi je? Si watasema nawafundisha watoto wao kujibu wakubwa?"

Nimeyajibu kwa mdomo miaka na miaka, na kila mwaka nasahau kipande. Basi haya hapa yote pamoja.

Tunachozungumzia ni kikao cha darasa, mara moja kwa wiki, ambapo wanafunzi huleta jambo linalowagusa, hulijadili, huliamua, na uamuzi wao hufuatwa. Kimelengwa gredi ya 4 hadi ya 6; wadogo nitawagusia mbele. Si lile somo la kukariri kazi za gavana na za mbunge. Hilo liko kwenye Masomo ya Jamii na lina kitabu chake.

Nakiita baraza kwa kuwa mtoto wa Lamu neno hilo amelikalia tangu hajajua kutembea: ni lile benchi la mawe nje ya mlango, wanapokaa wazee baada ya alasiri. Ila jihadhari na maana yake ya pili. Kwa watoto wengi baraza pia ni lile la chifu, mkubwa mmoja anasema, wengine wanapiga makofi, kisha watu wanatawanyika. Siku ya kwanza waambie mnafanya baraza gani.

Kanuni ni moja tu, na ukiivunja, hatua zote zilizo chini hazitakufaa: usiwaulize watoto jambo ambalo umekwisha kuliamua. Mtoto wa huku husoma uso wa mtu mzima kabla hajasoma herufi. Ukimwuliza, "Mwaonaje, tufagie asubuhi au jioni?" na moyoni umeshachagua asubuhi, ataiona kwenye nyusi zako, atajibu asubuhi, na alichojifunza ni kwamba kura ni kubahatisha anachotaka mkubwa. Atakwenda nayo hiyo mpaka siku atakayopata kitambulisho.

Vitu vya kuandaa

Ruhusa ya mwalimu mkuu. Mwendee mapema, kabla hajasikia kwa wengine. Akikuuliza limetoka wapi jambo hili, unayo ya kumwambia: mtaala wa umilisi umeweka uraia pamoja na mawasiliano na ushirikiano katika umilisi wa kimsingi saba, Katiba ya 2010, ibara ya 10, inataja demokrasia na ushiriki wa wananchi kuwa maadili ya taifa, na Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990, unasema katika ibara ya 12 kwamba mtoto asikilizwe katika mambo yanayomhusu, kwa kadiri ya umri na kukomaa kwake. Chagua moja, usimhutubie. Kwa uzoefu wangu kinachomlainisha zaidi ni kusikia kwamba kesi ndogo ndogo za darasa lako hazitafika ofisini kwake.

Kipindi. Dakika 35 za gredi za juu zatosha. Wengi hutumia kipindi cha PPI, kile cha malezi ya kidini, wengine huchukua kimoja cha Masomo ya Jamii. Ijumaa iache, siku hiyo akili za watoto ziko msikitini na nje ya geti. Baada ya masomo pia hapana, kwa sababu watoto wana madrasa na hawawezi kukatwa vipande viwili.

Kifuu kimoja cha nazi, kilichokwanguliwa mpaka kikawa laini. Anayekishika ndiye anayesema. Kuna mwenzangu alitumia kipande cha mbao chenye kamba, watoto wakawa hawataki kukigusa. Kilifanana na ile diski waliyokuwa wakivalishwa wakinaswa wanasema lugha ya nyumbani. Bakora usiifikirie hata kidogo.

Komwe za bao, moja kwa kila mtoto na chache za akiba, na vifuu vingine viwili vya kupigia kura. Kama huna komwe, kokwa za ukwaju zitafaa, hata vifuniko vya soda.

Kopo la hoja. Kopo la maziwa ya unga lililotobolewa juu. Liwekwe mahali mtoto anaweza kutia karatasi bila kuonekana na darasa zima.

Daftari moja la baraza, na mikeka miwili mitatu.

Halafu kuna orodha. Hii ndiyo kazi ngumu kuliko zote, na utaifanya peke yako nyumbani. Chora safu tatu. Ya kwanza ni mambo yao kabisa: nani akae wapi, zamu za kufagia, mpira wa mapumziko unachezwaje, maji ya kunywa yanagawanywaje, ukuta wa nyuma ubandikwe nini. Ya pili ni mambo ya kupendekeza: matembezi ya kwenda Ngome ya Lamu, vifaa vya michezo, siku ya mashairi. Hapo wataandika barua kwa mwalimu mkuu, naye atawajibu. Ya tatu ni yasiyo yao: mtihani, sare, usalama, na adhabu ya mtu yeyote. Ukiona safu ya kwanza imepata jambo moja tu, anza na hilo moja. Kisha mpelekee mwalimu mkuu aitie sahihi. Nasema sahihi, na sababu utaiona kwenye makosa.

Hatua

1. Wape maneno kabla ya kuwapa nafasi. Wiki mbili za kwanza usiamue chochote. Mtoto aliyefunzwa tangu utotoni kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu hawezi kupinga hoja kwa sababu tu leo mwalimu amesema "jisikieni huru". Mpe maneno ya kupingia yasiyomvunjia adabu. Yaandike kwenye karatasi ya manila, uibandike:

"Nimemsikia, ila mimi naona…"
"Naongezea juu ya neno la…"
"Hilo silikubali, kwa sababu…"
"Sijaelewa, hebu lirudie."
"Nilikuwa naona vile, sasa nimebadili."

Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote, hata kwetu sisi watu wazima. Siku mtoto atakapolitumia, msifu mbele ya wenzake. Na atakayesema "wewe mwongo", usimkaripie; mrudishe kwenye manila achague sentensi, aseme upya.

Fanyeni mazoezi kwa mambo yasiyomuumiza mtu. Mahamri kwa mbaazi au mkate wa mofa? Kwenye kichochoro chembamba, nani ampishe mwenziwe, mtu au punda? Hili la punda limenipotezea kipindi kizima mara mbili, na sijuti.

2. Kaeni duara. Madawati yakiwa mazito, tokeni nje kivulini, asubuhi, hasa miezi ya kaskazi ambapo darasa la bati saa sita halina tofauti na tanuri. Wakati wa kusi kaeni upande uliokingwa, la sivyo karatasi zenu zitakwenda Manda. Nawe kaa kwenye mkeka huo huo. Ukikaa kitini na wao chini, mazungumzo yote yatapanda kwako.

3. Gawa kazi tatu. Mwenyekiti hufungua, hutoa kifuu, huuliza "Kuna mwingine?" Mwandishi huandika uamuzi na sababu yake, si kila neno. Mlinda muda hushika saa. Fuata majina ya rejista, zamu kwa zamu, mvulana na msichana, usichague "wanaoweza". Kiranja wa darasa asiwe mwenyekiti wa kudumu, maana watoto watadhani ni mkutano wake.

4. Fungua kopo siku moja kabla. Utakuta nusu ya karatasi ni mashtaka: fulani alinipiga, fulani anamaliza maji. Ondoa jina, geuza shtaka kuwa swali. "Fulani anamaliza maji" inakuwa "Tugawaneje maji wakati wa mapumziko?" Hoja moja kwa kikao. Mbili ni nyingi. Yale ya kupigana shughulika nayo pembeni, kama mwalimu.

5. Anza wawili wawili. Soma swali, kisha kila mtoto aongee na jirani yake dakika mbili. Usiruke hatua hii hata kama muda umebana. Mtoto akishalisema neno lake kwa mmoja, kulisema kwa arubaini hakumtishi tena.

6. Zungusha kifuu. Anayekishika anasema au anapitisha. Kupitisha ni haki yake na haulizwi kwa nini. Wengine kimya. Mzunguko wa kwanza kila mtu apate zamu, wa pili wainue mkono. Wewe usiseme. Usirudie alilosema mtoto kwa Kiswahili chako kizuri zaidi, maana ukifanya hivyo watoto wataacha kusikilizana na watangoja tafsiri yako. Ukimya ukiingia, hesabu mpaka kumi moyoni. Nami huhesabu mpaka ishirini, huku nikitazama kucha zangu.

Nikuonyeshe ilivyokwenda siku moja, gredi ya 5, watoto 41. Nje ya darasa palikuwa na pipa la maji na kikombe kimoja cha plastiki kilichofungwa kamba. Kengele ya mapumziko ikilia, wavulana wenye miguu mirefu ndio waliofika kwanza, na wadogo walirudi darasani midomo mikavu.

Watatu wa mwanzo walikigeuza kifuu mkononi, wakanitazama, wakapitisha. Wa nne, kijana msemaji, akasema, "Tumweke kiranja asimame pale." Baada yake sita wakasema kiranja, kiranja, kiranja. Kisha kifuu kikamfikia msichana ambaye sauti yake nilikuwa naijua kwa neno moja tu, "nipo", wakati wa kuita majina. Alikigonga gonga kwa kidole. Halafu: "Kiranja naye ana kiu. Atakunywa yeye na rafiki zake."

Darasa likacheka, na kiranja mwenyewe akacheka kuliko wote. Mwenyekiti akamwuliza, "Sasa wewe wataka tufanyeje?"

"Kila mtu aje na kikombe chake. Kile kimoja ndicho kinachotuchelewesha."

Watu wakaanza kukubali. Kifuu kikafika kwa kijana wa upande wa pili. "Nyumbani tuko tisa na vikombe vinne. Sipewi cha kuja nacho skuli."

Hapo pakawa kimya, na hapo ndipo nusura niharibu, maana nilikuwa na jibu tayari ulimini. Nililimeza. Msichana mwingine akasema kuwa kwenye hoteli chupa za maji hutupwa kila siku. Zikikatwa juu, ni vikombe. Kama ningefungua mdomo, chupa zisingetajwa.

7. Pigeni kura pale tu mnapotofautiana. Kifuu kikimaliza kuzunguka na wote wako upande mmoja, mwenyekiti aulize, "Kuna asiyekubali?" Hakuna? Andikeni, mmalize. Pakiwa na njia mbili za kweli, kama siku ile ya kiranja na chupa, pigeni kura, nayo iwe ya siri. Katiba, ibara ya 81, inataka uchaguzi uwe wa kura ya siri, na watoto hufurahi wakijua kwamba wanafuata kanuni ile ile ya wakubwa. Tundika kanga pembeni, weka vifuu viwili nyuma yake, kila kimoja na mchoro wake. Mtoto anaingia na komwe moja, anatoka mikono mitupu.

Komwe zihesabiwe kwa sauti, mbele ya wote, na watoto wawili, mmoja wa kila upande. Jumla ilingane na watoto waliopo. Mimi niliwahi kupata komwe 43 kwa watoto 41. Kura hewa, gredi ya 5! Mtu alikuwa na komwe zake za bao mfukoni. Tulirudia, na tangu siku hiyo komwe za baraza nazitia doa la rangi.

8. Wasikilizeni walioshindwa. Wengi huruka hatua hii, na mimi naona ndiyo yenye mafunzo mengi zaidi. Chupa zilipata 27, kiranja 14. Kabla ya kufunga, mwenyekiti awageukie wale 14: "Ni kitu gani kikiongezwa mtaweza kuishi na uamuzi huu?" Mmoja wao akauliza, "Hizo chupa zitaoshwa na nani?" Hakuna aliyekuwa amefikiria. Ikaongezwa: kila mtu anaosha yake Alhamisi. Mtoto aliyeshindwa akaondoka na sentensi yake ndani ya daftari.

9. Andikeni, bandikeni, tekelezeni kesho yake. Si wiki ijayo. Uamuzi uandikwe kwa mkono wa mwandishi, na makosa yake ya tahajia yaache vile vile.

10. Rudieni baada ya wiki mbili. Swali ni moja: limefaa? Chupa zetu hazikufaa kama tulivyotarajia. Nusu zilipotea, na zilizobaki zilikuwa na ncha za kukata mdomo. Watoto wakaamua zitundikwe kwenye kamba darasani, mimi nikapewa kazi ya kulainisha ncha kwa moto wa mshumaa, na ile foleni ya kiranja, iliyokuwa imeshindwa, ikarudi kusaidia. Daftari likaonyesha uamuzi wa kwanza umekatwa mstari mmoja, wa pili umeandikwa chini yake.

Kwa gredi ya 1 hadi ya 3: dakika 15, hatua ya 2, 5 na 6 tu, michoro badala ya maandishi, na lugha yoyote wanayocheza nayo. Wakipiga kura kwa mikono, wafumbe macho.

Makosa ya kuepuka

Kuwapa jambo ambalo si lako kulitoa. Katika shule moja niliyofundisha, darasa liliamua kuhusu matumizi ya uwanja, likafurahi, likaandika. Siku ya pili uamuzi ukafutwa kwenye paredi, bila neno la kwa nini. Wiki iliyofuata kopo la hoja lilikuwa tupu, na lilibaki tupu muhula mzima. Lawama ilikuwa yangu, sikuwa nimeonyesha orodha kwa aliyekuwa na mamlaka nayo. Ndiyo maana nasema sahihi.

Kupiga kura juu ya mtu. Siku moja kopo lilitoa karatasi kwamba mtoto fulani akae nyuma kwa sababu ananuka samaki. Baba yake huingia baharini alfajiri, na mtoto humsaidia kupakua kabla ya kuja shule. Darasa lingepiga kura, angeshindwa kwa kishindo, na hesabu ingekuwa sahihi kabisa. Hoja hiyo sikuileta barazani. Niliwaambia wazi kwamba kuna mambo ambayo hata wengi hawana ruhusa ya kuyaamua, na heshima ya mtu ni mojawapo. Kisha nikawauliza swali lingine: mji huu nao uliwahi kuendeshwa na baraza la wazee, Yumbe, mnadhani nani hakupewa nafasi ya kukaa mle? Mazungumzo yalikuwa marefu.

Kuligeuza baraza mahakama. Adhabu haiamuliwi na watoto. Viboko, kwa taarifa ya anayesahau, vimekatazwa na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, na haviwi halali kwa kuwa darasa limevipigia kura.

Kuleta siasa za wakubwa. Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 2027, na watoto watakuja na nyimbo na rangi. Majina ya vyama na ya wagombea yabaki nje ya duara. Lakini tabia za uchaguzi zizungumzeni. Muhula tuliochagua kiranja, mgombea mmoja aligawa peremende, nami nikamfokea mbele ya wote. Sikufanya vyema. Aliyaona kwa watu wazima. Wiki iliyofuata nililileta kama swali: ukila peremende ya mtu, anakudai kura? Kijana mmoja akasema bila haya, "Mimi nilikula ya huyu nikampigia yule." Wakabishana mpaka kengele, nusu wakisema amefanya vyema, nusu wakisema hata kuila hakupaswa.

Ikikwama

Hawasemi kabisa. Rudi hatua ya 5 wiki tatu mfululizo, bila kifuu. Angalia pia swali lako. "Mnaonaje kuhusu usafi?" halijibiki. "Nani afagie chini ya dawati la mtu asiyekuja?" linajibika.

Watatu wanasema, wengine wanasikiliza. Mpe kila mtoto kokwa tatu. Kila akisema, anatoa moja. Zikimwishia, amemaliza. Wasemaji hujifunza haraka kuzihifadhi kwa neno la maana.

Wasichana kimya. Anza kifuu upande wao, na usiwachanganye wawili wawili na wavulana mpaka wazoee. Zaidi ya yote, tazama mwandishi ni nani: kama kila mara ni msichana kwa sababu "wana mwandiko mzuri", umewafunga midomo kwa kazi.

Lugha inagongana. Darasani nina watoto wa Amu, Wabajuni wa Kizingitini, waliohamia kutoka Mpeketoni na Garissa. Mtoto wa mjini akasema "ndoo hapa", kwa Kiamu njoo hapa, mwenzake kutoka bara akaenda kuleta ndoo ya maji. Tulicheka mpaka basi. Acha kila mtu aseme kwa Kiswahili chake, na ile sentensi ya "sijaelewa, hebu lirudie" itafanya kazi yake. Usisahihishe ngeli barazani.

Darasa lina watoto 70. Gawa makundi ya kumi, kila moja na kifuu chake, dakika kumi. Kisha kila kundi litoe msemaji mmoja, abadilishwe kila wiki. Kura ipigwe na wote.

Kura zimelingana. Zungusheni kifuu mara moja zaidi. Zikilingana tena, jaribuni njia moja wiki hii, ya pili wiki ijayo, halafu mwulizane ipi imefaa. Usitie komwe yako.

Wameamua jambo la kipuuzi. Kama halimuumizi mtu, liache litekelezwe. Darasa langu liliwahi kuamua kila mtu akae anapotaka kila siku. Siku tatu zilitosha. Walirudi barazani wenyewe.

Mtoto ametoa siri nzito. Kuna siku kifuu kitamfikia mtoto naye ataanza kusema la nyumbani, la kupigwa au kushikwa vibaya. Msimamishe kwa upole: "Hili ni kubwa, nataka kulisikia vizuri, tutazungumza mimi na wewe." Zungumza naye siku hiyo hiyo, usimwahidi kwamba hutamwambia mtu, na lipeleke panapohusika. Namba 116 ya kusaidia watoto hupigwa bila malipo. Jambo hilo haliandikwi kwenye daftari.

Mzazi amekuja. Alinijia mama mmoja, kasimama mlangoni, buibui limejaa vumbi la njia. "Mwalimu, wewe wamfundisha mwanangu kunijibu?" Nikamwambia, "Karibu, mama. Amekujibu vipi?" Akasema, "Nimemtuma dukani, akaniambia, 'Nimekusikia mama, ila mimi naona aende kaka, kwa sababu mimi nimekwenda jana.'" Nikamwuliza, "Alipaza sauti?" Akafikiri. "La. Ila alinishinda kwa maneno." Mwalike mzazi wa namna hiyo akae mkekani kikao kimoja, bila kifuu, asikilize tu. Yule mama alikuja Jumatano, akakaa mpaka mwisho, na alipoondoka alitaka kujua ile manila tumeinunua wapi.

Komwe zinapotea. Zitapotea tu, hakuna mtoto wa huku atakayeona komwe asicheze bao. Anza muhula na kumi za ziada, na uzihesabu kabla ya kengele, si baada yake.